Wiki Nane Maabarani: Mwanafunzi na Utafiti wa Ugonjwa wa Kurithi wa Msuli wa Moyo

Kadiomayopathi ni jina la jumla la magonjwa yanayoushika msuli wa moyo wenyewe, si vali zake wala mishipa inayoulisha damu. Katika aina moja ukuta wa moyo hunenepa pasipo shinikizo la damu kuwa sababu. Katika nyingine moyo hutanuka na kulegea. Katika nyingine tena seli za msuli hufa taratibu na nafasi yake kujaa mafuta na makovu. Nyingi kati ya aina hizi hurithiwa. Mzazi mwenye badiliko la jeni linaloleta aina ya kunenepa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithisha kwa kila mtoto anayemzaa, na aina hiyo peke yake hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 500. Wengi wao huishi hadi uzeeni bila kuhisi chochote. Wachache, na hapa ndipo uzito wa jambo ulipo, huanguka ghafla wakiwa bado vijana, na mara nyingine kifo hicho ndicho dalili ya kwanza familia kuiona.

Mwaka 1958 Donald Teare, mtaalamu wa patholojia wa London, aliandika kuhusu mioyo ya vijana wanane iliyonenepa upande mmoja kuliko mwingine. Wengi wao walikuwa wamekufa ghafla. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kufika kwenye chanzo. Mwaka 1990 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba badiliko la herufi moja tu katika jeni iitwayo MYH7 ndilo lililokuwa likipita kutoka kizazi hadi kizazi katika ukoo mmoja wa Kanada. MYH7 hutengeneza mayosini, protini inayovuta nyuzi za aktini ndani ya sakomea, yaani kile kipande kidogo kabisa cha msuli kinachojikunja kila moyo unapopiga. Baadaye jeni nyingine za sakomea zikaonekana, na MYBPC3 ikawa kinara pamoja na MYH7. Jeni hizi mbili huharibu moyo kwa njia tofauti. Mabadiliko mengi ya MYBPC3 huikata protini isikamilike, kwa hiyo seli hubaki na upungufu. Yale ya MYH7 kwa kawaida huzalisha protini kamili yenye kasoro, nayo huingia katika mtambo wa msuli na kuuvuruga kutoka ndani. Mwanafunzi anayeelewa tofauti hiyo ameshaelewa sababu ya maabara moja kushughulikia kiasi cha protini na nyingine kushughulikia nguvu ya mvuto wake.

Kipindi hiki ni chenye matumaini. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha mavacamten, dawa ya kwanza iliyobuniwa kupunguza mvuto uliozidi wa mayosini katika ugonjwa huu. Mwaka huohuo British Heart Foundation ilitoa pauni milioni 30 kwa mradi wa CureHeart, unaoongozwa na Hugh Watkins wa Oxford, wenye lengo la kurekebisha kasoro kwenye jeni yenyewe. Anayeingia maabarani kwa likizo moja hatakiwi kuota kuvumbua dawa, lakini ana haki ya kujua kwamba meza anayoifutia vumbi imo katika safari hiyo.

Nafasi za mwanafunzi kujifunza utafiti maabarani ni za likizo ndefu. Uingereza huchukua wiki 6 hadi 8, kati ya Juni na Septemba, na hupewa zaidi wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaokaribia mwaka wa mwisho. Marekani wiki 10 ni jambo la kawaida. Posho hutoka vyuoni, kwenye mifuko ya hisani, au kwenye jumuiya za wanasayansi. Maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo anayeanza kutafuta mwezi wa Mei amechelewa. Mipango mingi humtaka msimamizi awe amekubali kabla fomu haijajazwa, maana yake msimamizi ndiye wa kutafutwa kwanza, Novemba au Desemba. Mwanafunzi aliyetoka Dodoma au Eldoret na kusoma ughaibuni asome masharti ya uraia kabla ya kutumia wiki mbili kuandika maombi: mipango ya serikali ya Marekani ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, iitwayo REU, kwa mfano, ni ya raia na wakazi wa kudumu tu.

Barua kwa msimamizi iwe fupi. Viongozi wa maabara hupokea barua nyingi zinazosema mwandishi anaupenda sana moyo na ana bidii; hazina kosa, ila hazisemi kitu. Barua inayosomwa mara mbili hutaja makala moja ya maabara hiyo, jambo moja lililomgusa mwandishi humo, na swali moja lililobaki bila jibu. Hutaja pia tarehe ambazo mwanafunzi yuko huru na nani atalipa posho, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo kwanza msimamizi huyauliza. Nakala ya matokeo ya chuo huambatishwa. Kama kuna alama mbaya, sentensi moja ya ukweli inatosha. Aya nzima ya kujitetea humfanya msomaji aitazame alama hiyo muda mrefu zaidi.

Wapo wanaoomba nafasi hizi kwa sababu ugonjwa uko nyumbani kwao: kaka aliyekufa mpirani, mama mwenye kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa kifuani. Sababu hiyo ni ya heshima na inaweza kuandikwa, kwa sentensi moja au mbili, na mwenyewe ndiye mwenye kuamua. Lakini lipo jambo lisilo na mjadala: mwanafunzi hapimi damu yake wala ya ndugu yake katika maabara ya utafiti. Kipimo cha utafiti si kipimo cha hospitali. Hakina ulinzi dhidi ya kubadilishwa kwa tyubu, hakina mshauri wa vinasaba wa kukaa na mtu baada ya jibu, na jibu lake haliwezi kuingia kwenye faili la matibabu. Ndugu wa karibu wa mgonjwa, yaani mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa naye, wanastahili kuonwa na daktari wa moyo, kufanyiwa kipimo cha umeme wa moyo na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na kama badiliko la jeni la familia linajulikana, kulipima kwa utaratibu. Njia hiyo ipite hospitalini tangu mwanzo.

Kabla ya siku ya kwanza, kusoma makala tatu kwa makini kunafaa kuliko kupitia 30 juujuu: moja ya mapitio kuhusu ugonjwa, moja ya maabara yenyewe, na moja inayoeleza mbinu itakayotumika. Katika kila mchoro mwanafunzi aweze kujibu nini kilipimwa, kwa watu au wanyama au seli ngapi, na kilinganishwa na nini. Asipoweza, hapo ndipo pa kuweka alama na kuuliza. Msimamizi mwema hufurahia swali kama hilo kuliko kumsikia mtu akikariri hitimisho.

Wiki ya kwanza ni ya mikono. Mafunzo ya usalama huja kwanza: koti la maabara, glavu, mahali pa kutupa sindano, namna ya kumimina nitrojeni ya kimiminika ambayo iko kwenye nyuzi -196, na kanuni ya kusawazisha tyubu ndani ya sentrifyuji ili mashine isitikisike. Kisha pipeti. Kifaa hiki kinachoonekana chepesi ndicho huharibu majaribio mengi ya wageni. Kitufe chake kina vituo viwili. Cha kwanza hupima, cha pili husukuma tone la mwisho litoke. Anayekibonyeza hadi kituo cha pili kabla ya kunyonya huchukua zaidi ya anachodhani amechukua. Ncha huzamishwa milimita mbili au tatu tu chini ya uso wa maji, na kidole gumba huachiwa polepole, maana kikiachiwa ghafla hewa huingia. Zoezi moja rahisi humwonyesha mwanafunzi alipo: kipande cha plastiki kwenye mizani nyeti, maji safi, pipeti iliyowekwa mikrolita 100, na kupima mara 10. Kila tone linapaswa kuwa na uzito wa karibu miligramu 100. Mgeni akipata 93, 104, 98, 89, hana haja ya kuona haya. Ana haja ya kurudia hadi namba zikaribiane. Saa moja ya zoezi hilo huokoa siku nyingi za PCR, mbinu ya kuzidisha nakala za DNA, zenye matokeo yasiyoeleweka.

Ukubwa wa mradi ndio jambo linaloamua likizo itaishaje. Wiki 8 ni siku 40 za kazi. Ukiondoa siku za mafunzo, za kusubiri kemikali iliyoagizwa, za mashine kuharibika na za kuandika ripoti, hubaki kama 25. Katika siku hizo mtu hawezi kuchukua damu ya mgonjwa, kuigeuza kuwa seli shina, kuziotesha kuwa seli za moyo na kuzipima. Hatua ya kuigeuza peke yake hula miezi. Anaweza kuchukua seli ambazo tayari zipo na kuuliza swali moja. Au anaweza kupewa badiliko la MYBPC3 linaloshukiwa kuvuruga ukataji na uungaji wa RNA, akaliweka katika kipande cha DNA ya mviringo, akakiingiza katika seli za kawaida za maabara, kisha akaona kwa PCR kama RNA inayotoka ni ndefu au fupi kuliko inavyotakiwa. Jibu hilo hupatikana kwa mistari miwili kwenye jeli, na familia fulani huenda ikalihitaji siku moja. Mradi wa picha nao ni mzuri: kupima mpangilio wa sakomea, ambazo urefu wake ni karibu mikromita 2, katika picha zilizokwisha kupigwa. Mwanafunzi anayepewa mradi wenye maswali matano aombe kwa adabu ajue lipi kati ya hayo lazima lijibiwe. Huko si kuonyesha uvivu.

Seli za moyo zinazooteshwa kutoka kwa seli shina zinastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndizo zinazowavuta wengi na ndizo zinazowachosha. Msingi wake uliwekwa Kyoto mwaka 2006, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walipozirudisha seli za ngozi za panya katika hali inayofanana na ya kiinitete. Mwaka uliofuata jambo hilo likafanyika kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 Yamanaka akawa miongoni mwa waliopewa Nobel. Leo seli hizo hulazwa bapa kwenye sahani, zikapewa kemikali ya kwanza inayowasha njia fulani ya mawasiliano ndani ya seli, kisha siku chache baadaye ya pili inayoizima. Kwa siku kadhaa hakuna kinachoonekana ila seli nyingi kufa na chakula chao chekundu kugeuka manjano. Halafu, karibu siku ya nane hadi ya 12, mwanafunzi anatoa sahani kwenye inkubeta yenye nyuzi 37, anaiweka chini ya hadubini, na pembeni ya duara anaona sehemu ndogo inashtuka. Inatulia. Inashtuka tena. Siku mbili baadaye tabaka zima linacheza kwa mdundo mmoja bila sauti yoyote. Hakuna aliyeliona jambo hilo mara ya kwanza akalisahau, hasa akikumbuka kwamba seli hizo zilitokana na damu ya mtu ambaye moyo wake mwenyewe ni mgonjwa.

Uzuri huo usimfumbe macho. Seli za namna hii ni changa. Zinafanana na za moyo wa kijusi kuliko za mtu mzima, na sakomea zake hazijapangika vema. Panya naye ana mipaka yake: moyo wake hupiga mara 500 au 600 kwa dakika, na mayosini inayotawala ndani yake si ileile inayotawala katika moyo wa mtu mzima. Kila kielelezo huonyesha upande mmoja wa ugonjwa, na ripoti nzuri ya mwanafunzi huutaja upande usioonekana. Zaidi ya hapo, seli hizi hula hata Jumamosi na Jumapili. Zamu za wikiendi zipangwe mapema na mwenzake wa maabara, wala asiahidi siku ambayo hataweza kufika.

Kosa kubwa la hesabu katika kazi hii ni kuhesabu seli kana kwamba ni watu. Mwanafunzi akipima seli 300 za mgonjwa mmoja na 300 za mtu mmoja asiye na ugonjwa, kompyuta itamwambia tofauti ni ya uhakika mno. Ukweli ni kwamba amelinganisha watu wawili, ambao hutofautiana kwa maelfu ya mambo nje ya jeni moja. Hata kundi moja la seli lililooteshwa wiki hii hutofautiana na la wiki iliyopita. Kwa hiyo huhesabiwa idadi ya watu na idadi ya mara jaribio liliporudiwa tangu mwanzo. Seli nyingi za sahani moja huongeza tu usahihi wa namba ya sahani hiyo. Maabara nyingi sasa hulinganisha seli za mgonjwa na seli zake mwenyewe zilizosahihishwa jeni kwa mkasi wa vinasaba uitwao CRISPR, na hiyo hupunguza tatizo ingawa hailimalizi. Kinga ya pili ni kuficha majina. Anayepima picha asijue ipi ni ya mgonjwa. Mwenzake abadilishe majina ya mafaili kuwa namba na afungue siri baada ya vipimo vyote kukamilika. Jicho lenye matumaini huona kinachotarajiwa, hata jicho la mtu mkweli.

Baadhi ya nafasi hazina pipeti kabisa. Kazi ni ya kompyuta, ya kuchambua mabadiliko ya jeni. Wanafunzi wengine huziona za daraja la pili. Hukumu hiyo si ya haki, na kwa mwanafunzi wa Kiafrika zinaweza kuwa ndizo zenye maana kuliko zote. Tangu mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba hugawa mabadiliko katika madaraja matano, kuanzia linalosababisha ugonjwa hadi lisilo na madhara, na katikati kuna lile ambalo maana yake haijajulikana. Hoja kubwa ya kulipanga badiliko katika daraja ni wingi wake kwa watu wenye afya: badiliko linaloonekana mara kwa mara kwa wasio na ugonjwa haliwezi kushtakiwa kirahisi kuwa chanzo cha ugonjwa adimu. Lakini watu hao wa kulinganisha ni akina nani? Mwaka 2016 utafiti uliochapishwa Marekani ulionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wenye asili ya Afrika walikuwa wameambiwa wana badiliko la kadiomayopathi, kumbe ni mabadiliko ya kawaida miongoni mwa watu weusi na hayana madhara. Yalidhaniwa adimu kwa sababu waliochunguzwa kwa ulinganisho walikuwa karibu wote weupe. Nyuma ya kila jibu la namna hiyo kuna watoto waliopimwa bure, na ndugu walioambiwa wako salama kwa kipimo kisicho na maana.

Pengo hilo halijazibika. Barani Afrika kazi imeanza, na jina la Bongani Mayosi wa Cape Town linastahili kutajwa: mwaka 2017, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, timu aliyoiongoza pamoja na wenzake wa Italia ilitangaza kuwa badiliko katika jeni ya CDH2 husababisha aina moja ya kadiomayopathi, baada ya kuifuatilia familia moja ya Afrika Kusini kwa takriban miaka 20. Mwanafunzi anayetumia likizo yake kujifunza kusoma hifadhi za data za vinasaba kama gnomAD na ClinVar, na kuuliza badiliko fulani limeonekana kwa Waafrika wangapi, anajifunza ujuzi atakaorudi nao Dar es Salaam au Nairobi hata kama huko hakuna friza ya nyuzi -80 inayomsubiri.

Sampuli za wagonjwa huja na namba badala ya jina. Namba hiyo ibaki maabarani. Picha ya tyubu iliyowekwa kwenye simu kwa furaha ya siku ya kwanza inaweza kuonyesha tarehe ya kuzaliwa au jina la hospitali, na kwa ugonjwa adimu hivyo viwili hutosha kumtambulisha mtu. Vipande vingine vya msuli vilikatwa kwenye moyo wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene wa ukuta, naye akakubali vitumike. Tyubu ikianguka, haitengenezwi nyingine.

Daftari la maabara huandikwa siku hiyohiyo, kwa wino, pamoja na makosa. Maelezo ya kweli yana sura ya namna hii: saa 4:20 asubuhi, kemikali ya pili imetiwa kwenye sahani B badala ya A, msimamizi ameambiwa saa 4:35, sahani zote mbili zimebaki na zimeandikwa upya. Aliyeandika hivyo amepoteza sahani moja. Aliyenyamaza amewapotezea watu watatu wiki sita za kutafuta sababu ya matokeo ya ajabu. Wageni wengi huogopa kukiri kosa kwa mtu mkubwa, hasa waliolelewa kutomjibu mwalimu. Maabarani kukiri mapema ndiyo heshima yenyewe. Anayefanya kazi na mgeni kila siku mara nyingi si profesa bali mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti kijana mwenye kazi zake. Maswali madogo yakusanywe na kuulizwa pamoja, mara mbili kwa siku; swali la usalama huulizwa papo hapo.

Matokeo yasiyoonyesha tofauti yoyote ni ya kawaida katika wiki 8, na yana thamani yakiwa yamepimwa vizuri. Bango la mwisho liseme hivyo waziwazi: swali lilikuwa hili, kipimo kiliweza kuona tofauti ya ukubwa huu, na haikuonekana. Barua ya mapendekezo iombwe kabla ya kuondoka, msimamizi akiwa bado anakumbuka, na apewe nusu ukurasa wa kazi zilizofanyika.

Wiki ya mwisho isijazwe jaribio jipya. Ni ya kukabidhi: mafaili ya picha katika hifadhi ya maabara, si kwenye kompyuta binafsi, utaratibu wa kila jaribio ukiwa umeandikwa kama ulivyofanyika kweli, si kama ulivyokuwa kwenye karatasi ya awali, tyubu zisizo na jina zitupwe kwa idhini ya msimamizi, na kwenye kisanduku cha ndani ya friza, chenye matundu tisa kwa tisa, ibandikwe ramani inayoonyesha kila tundu lina nini, tarehe gani, na imeelezwa ukurasa wa ngapi wa daftari.